Siti ya Nyuma, Upande wa Kushoto

Gari lililetwa Jumamosi asubuhi, tukiwa jikoni tunapaka krimu keki ya harusi. Dada yangu alisikia honi getini akatoka mbio na kisu cha krimu mkononi, aproni imejaa unga, anacheka peke yake kama mtoto aliyesikia muuza barafu. Nilimfuata. Na huyu ninayemsema ni dada yangu wa tumbo moja. Haya sikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu mwingine. Nilikuwepo, na milango ya lile gari niliishika kwa mikono yangu hii.

Lilikuwa gari dogo la familia, la kijivu, lile ambalo nyuma limekatika, na buti lake linafunguka kwenda juu pamoja na kioo. Ukilaza siti za nyuma unapata nafasi ya kupakia hata godoro. Halikuwa jipya. Bampa lilikuwa na mkwaruzo, na redio ilikuwa inakamata stesheni inayoitaka yenyewe. Lakini lilikuwa limeoshwa, likaoshwa tena, na ndani lilimwagiwa manukato makali mpaka nikapiga chafya.

Aliyetuuzia alikuwa mteja wetu, mwanamume nadhifu wa kuvaa tai hata siku isiyo ya kazi. Alikuwa mhasibu kwenye kampuni moja upande wa pili wa mji, nasi tulizoea kumwita Mhasibu tu. Keki zake zote tulimpelekea ofisini.

"Kaka, mbona unaliuza na bado zuri hivi?" dada alimuuliza.

"Familia imekua, dada. Halitutoshi tena."

Alisema hivyo akitabasamu. Nikilikumbuka tabasamu lile mpaka leo, natamani kile kisu ningekuwa nimekishika mimi.

Dada akamwambia apande amrudishe kwake, maana jua lilishakuwa kali na njia ni ndefu. Mhasibu alikataa. Alikabidhi funguo, akakaza tai yake, akaondoka kwa miguu, na alipofika kwenye kona alikuwa anakimbia.

Hatukujali. Unajua furaha ya mtu aliyeteseka? Kabla ya hapo keki zetu zilikuwa zinasafiri kwa pikipiki na teksi za kubembeleza. Tuliwahi kufikisha keki ya ghorofa tatu ikiwa ya ghorofa moja na nusu. Sasa tulikuwa na chetu. Asubuhi dada anampeleka binti yake shule, anapitia sokoni kuchukua unga na mayai, mchana anasambaza keki, jioni anarudi na mitungi ya gesi imelala kwenye buti. Maegesho ya kubana, lile gari linaingia. Mafuta linakunywa kidogo kama mgonjwa. Mume wa dada alikwisha ondoka zamani bila kuaga, na dada alikuwa anapenda kupigapiga paa la gari na kusema, "Huyu ndiye mume. Unamjaza, anakwenda, na haulizi chakula kiko wapi."

Binti yake alikuwa wa darasa la awali. Tulimpa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa haufumbi mdomo tangu anapoamka. Yeye alikaa nyuma, upande wa kulia. Siku ya kwanza kabisa dada alimwambia akae kushoto, karibu na kibaraza, ili iwe rahisi kushuka. Chiriku alichungulia ndani, akazunguka gari, akapanda upande wa kulia. Alipoulizwa alisema kule kuna mtu.

Tulicheka.

Kilichoanza kuharibika ni keki. Dada anaweka kiyoyozi mpaka mimi natetemeka mbele, lakini tukifika na kufungua buti, krimu imeyeyuka na kuteremka pembeni kama nta. Mara ya kwanza tuliilaumu siagi, mara ya pili jua. Mara ya tatu ilikuwa asubuhi ya manyunyu, watu wamevaa masweta, na keki ikatoka kwenye buti ikiwa inafuka mvuke.

Halafu kidole. Keki ya bluu ya mtoto wa daktari, krimu imechotwa ubavuni, mchoto mmoja mwembamba, wa kidole kidogo sana. Dada yangu ana hasira za karibu, hilo sifichi. Aliporudi nyumbani alimkamata Chiriku akamchapa makofi mawili ya mkono. Chiriku alilia akisema si yeye. "Ni nani basi? Mimi?" dada alifoka. Na mimi ndiye niliyemvuta pembeni nikamkumbusha kwamba siku ile Chiriku alikuwa shule tangu asubuhi. Hakulisogelea gari.

Dada alibaki ameutazama mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu. Kuanzia hapo hasira zake zote alizielekeza kwa lile gari.

Tulimpelekea fundi magari wa mtaani kwetu, mzee mpole aliyekuwa akizungumza na injini kuliko na watu. Alikagua kiyoyozi, akakagua nyaya, akasema kila kitu kizima. Dada akamwambia angalie vizuri, joto linatoka nyuma. Basi fundi akaingia, akaketi siti ya nyuma, upande wa kushoto, akavuta mlango ili asikilize feni.

Alikaa kidogo tu. Alipotaka kutoka mlango haukufunguka. Tulimfungulia sisi kwa nje. Ovaroli yake ilikuwa imelowa chapachapa kama aliyetolewa kisimani, na midomo imemkauka.

"Hii ni loki ya watoto," alisema, akatuonyesha kile kiswichi kidogo kwenye ubavu wa mlango. "Ikiwekwa, aliye ndani hawezi kufungua. Nimeiondoa." Kisha akapapasa kitambaa cha mlango. Kilikuwa kipya kuliko vingine, kimebandikwa kwa gundi. Aliingiza bisibisi pembeni, akakivuta taratibu.

Chini yake plastiki ilikuwa imekwaruzwa. Mikwaruzo mingi, myembamba, inapandiana. Yote ilikuwa chini, usawa wa goti la mtu mzima.

Dada alimpigia Mhasibu simu palepale, sauti ameifungulia sote tusikie. Mhasibu akacheka. "Aah, dada, tulikuwa na mbwa. Msumbufu kweli yule mbwa."

Chiriku alikuwa ameshika sketi ya mama yake. Simu ilipokatika alisema, kwa sauti ya chini ambayo si yake, "Si mbwa, mama."

Fundi alikirudisha kitambaa mahali pake. Alipokuwa anatukabidhi funguo aliniinamia mimi, si dada, akaninong'oneza, "Nyuma msimkalishe mtu."

Sasa mtasema, kwa nini hamkuliacha palepale? Tungeliacha vipi? Tulikuwa tumekomba kila tulichonacho kulinunua, na oda za keki zilikuwa zimejaa mpaka mwisho wa mwezi. Mtu mwenye shida haogopi vizuri. Anaogopa huku anafanya kazi.

Lakini nilianza kuangalia. Mkanda wa siti ya kushoto nilikuwa naufungua asubuhi, nakuta mchana umefungwa, umekaza, kama umemkumbatia mtu. Chupa ya maji tuliyoweka katikati ya siti za mbele ilikuwa inakauka. Kifuniko kimekazwa, chupa haijatoboka, maji hayamo. Nilibadilisha chupa, nikanunua ya bati. Ikakauka nayo. Na Chiriku, yule wa kuongea tangu alfajiri, akawa akipanda gari anaacha kuongea na sisi. Anageukia kushoto. Ananong'ona.

"Unaongea na nani?" nilimuuliza siku moja tukiwa kwenye foleni.

"Na huyu."

"Anasemaje?"

"Anataka bwa."

"Bwa ndiyo nini?"

Chiriku alipandisha mabega. "Sijui, mama mdogo. Anasema bwa, bwa, bwa. Na anasema baba yake kamwambia anakuja sasa hivi."

Dada alifunga breki ghafla, gari la nyuma yetu likapiga honi. Alimgeukia mwanawe akiwa amekunja uso. Nilidhani atamkaripia. Lakini alikuwa anatazama kioo cha mlango wa kushoto. Nje kulikuwa na jua la kuchoma, na kile kioo kimoja kilikuwa kimejaa ukungu. Ukungu wa ndani. Ulikuwa unaongezeka na kupungua, unaongezeka na kupungua, kama unapumuliwa.

Dada alisema tukimaliza harusi ya Jumamosi, analirudisha gari. Akubali Mhasibu asikubali. "Atanieleza," alisema. "Kwa mdomo wake, atanieleza."

Jumamosi hiyo tulipeleka keki ukumbini saa za mchana. Ghorofa nne, maua ya sukari, kazi ya siku mbili. Tulienda na Chiriku kwa kuwa jirani wa kumwachia alikuwa ametoka. Kushoto tuliweka sanduku la vifaa ili pasibaki nafasi. Tulipofika, dada alishuka kwenda kuuliza meza ya keki iko wapi. Nami nikashuka ili nifungue buti. Chiriku alitaka kunifuata, magari yalikuwa mengi pale, nikamwambia atulie.

"Kaa hapohapo. Nakuja sasa hivi."

Nilizunguka nyuma. Nikainua buti. Na milango yote ikajifunga, kla, kwa mpigo mmoja.

Funguo zilikuwa kwa dada. Nilidhani amebonyeza kwa bahati mbaya. Nikamwita Chiriku, nikamwambia afungue mlango wake. Hakugeuka. Alikuwa anatazama kushoto, mikono magotini.

Kisha joto likanipiga usoni.

Miaka yote nimefanya kazi na oveni, najua joto la kufungua mlango wa oveni. Lilikuwa lile. Buti liko wazi, upepo unavuma, na ndani ya gari mlikuwa moto. Krimu ilianza kuteleza mbele ya macho yangu. Ghorofa ya juu ikainama. Maua yakaanguka. Vioo vikaziba kwa ukungu, kimoja baada ya kingine. Nikasikia Chiriku anahema.

Nilipiga kelele. Dada akatoka ukumbini anakimbia, akabonyeza funguo, akavuta mlango huu, akavuta ule, akarudi kwenye wa kwanza, akaupiga teke. Milango ilikuwa kama imechomelewa. Nikaona njia ni moja. Nikapanda ndani ya buti. Nilipita juu ya keki kwa magoti, ghorofa zote nne, nikaparamia mgongo wa siti ya nyuma, nikamshika Chiriku kwapani. Mkanda wake haukufunguka. Nilibonyeza, nikabonyeza. Haukufunguka.

"Kisu!" nilimwambia dada. "Kisu cha keki!"

Alikichukua butini, pembeni ya keki, akanipa. Nikakata mkanda. Nikamvuta mtoto, analegea kama kitambaa kilicholowa, nikamkabidhi mama yake kupitia nyuma. Dada alimpokea. Nilimwona akimpokea. Chiriku alikuwa nje, mikononi mwa mama yake.

Na ndipo mkono ukanishika kiwiko.

Mkono mdogo. Mkavu. Wa moto. Ulitokea upande wa kushoto, pale palipokuwa na sanduku, ukanishika kwa vidole vyote vitano. Haukunivuta. Ulinishika tu, kama mtoto anavyomshika mtu anayeondoka.

Sijui nilitokaje. Najua niliangukia mgongo kwenye kokoto, nimejaa krimu toka nywele hadi miguu, na watu wa harusi wamenizunguka. Milango ikajifungua yenyewe, taratibu, kla. Chiriku alikuwa anakunywa maji kwa pupa. Alipopumua alinitazama, hakuwa na hasira nami.

"Na wewe ulisema unakuja sasa hivi, mama mdogo," alisema. "Mle ndani neno hilo si zuri."

Dada yangu akikasirika mtaa mzima unajua. Anafoka, anarusha sufuria, baadaye anacheka. Siku ile hakufoka. Aliwasikiliza mashangazi wa bibi harusi wakimtukana kwa ajili ya keki. Aliingia kwenye gari akaliwasha. Tulipita nyumbani, jirani alikuwa amesharudi, tukamwachia Chiriku. Mhasibu hakupokea simu. Tukaenda mpaka ofisini kwake, mlinzi wa getini ndiye aliyetuelekeza nyumbani kwake.

Nilikaa mbele. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Na gari lilikwenda vizuri kuliko siku zote, laini, bila mlio, redio kimya. Kwenye njia panda mlinzi alikuwa amesema tuchukue kulia. Dada akakata kulia. Usukani ukakata kushoto. Dada alijaribu tena, nikaona mishipa ya mikono imemsimama. Gari likaenda kushoto. Nyumba ya Mhasibu ilikuwa hukohuko kushoto, geti jeusi. Mlinzi ndiye aliyekosea.

Alifungua mwanamke mwembamba, kanga begani, macho ya mtu asiyelala. Hakututazama sisi. Alitazama gari, akashika nguzo ya geti.

"Hilo," alisema. "Aliniambia limekwenda kukatwa vyuma chakavu."

"Wewe ni mke wake?" dada aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Mna watoto wangapi?"

Yule mwanamke alilitazama tena gari. Niliona dada anaanza kuelewa, na mimi nikaelewa, na nikatamani tugeuke turudi.

"Hatuna," alisema. "Nilikuwa na mmoja. Wa kiume. Alikuwa hajafika miaka mitatu."

"Pole, mama. Pole sana. Alipatwa na nini?"

"Homa. Mimi nilikuwa nimesafiri, nimekwenda kumuuguza mama yangu. Baba yake aliniambia mtoto aliamka na homa kali, akawa anamkimbiza hospitali, akamzimikia njiani. Nilimkuta na kiatu kimoja tu, cha kulia; cha kushoto hakijaonekana mpaka leo." Alisema yote hayo kwa mkupuo, kama maneno aliyokaririshwa.

Dada alimsogelea. Sauti yake ilipotoka ilikuwa mnong'ono. "Mama, nisamehe. Bwa ni nini?"

Yule mwanamke alikaa chini. Hakuanguka. Alikaa tu, palepale kwenye vumbi la getini.

"Nani amekuambia neno hilo?"

"Ni nini?"

"Maji," alisema. "Alikuwa hawezi kusema maji. Alikuwa anasema bwa."

Tulimweleza. Sikuwahi kufanya jambo gumu kama lile. Tulimweleza kuhusu chupa, na joto, na mkanda, na kwamba baba kasema anakuja sasa hivi. Hakulia. Aliinuka, akakung'uta kanga, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma wa kushoto. Alitoa sanduku letu akaliweka chini. Alipoona kitambaa kipya cha mlango alikivuta kwa kucha mpaka kikabanduka. Akaitazama ile mikwaruzo. Akapitisha vidole vyake juu yake. Kisha akaingia, akaketi pale, akafunga mlango.

Vioo vikaziba kwa ukungu. Hatukuona kitu. Tulisikia sauti yake ikisema, "Mama nimekuja, mwanangu. Nimekuja." Halafu tukamsikia akisema "eeh," na tena "eeh," kama mtu anayesimuliwa jambo.

Alikuwa bado ndani Mhasibu alipotokea kwa miguu, mkate umefungwa chini ya kwapa. Alituona sisi. Aliliona gari. Uso wake ukabadilika rangi.

"Nani kawaambia mlete hili hapa? Liondoeni! Liondoeni sasa hivi, kabla mke wangu…"

Mlango ukafunguka, mke wake akatoka. Alikuwa amelowa jasho, lakini macho yalikuwa makavu.

"Ulikuwa kwa rafiki yako mnatazama mpira," alisema. "Kuna geti jekundu, mtoto alikuwa analiona. Ulimwachia biskuti. Biskuti, mume wangu. Bila maji."

"Hawa wanawake wamekulisha uchawi! Nani anaamini…"

"Alikuita mpaka sauti ikakauka. Akapiga kioo. Mtu mmoja akapita na baiskeli, hakugeuka."

"Nilipitiwa!" Mhasibu alipiga yowe, mkate ukamdondoka. "Ilikuwa dakika chache! Nilipitiwa tu, dakika chache!"

Majirani walikuwa wameanza kutoka nje. Wote walisikia. Nilimwona anagundua kwamba wamesikia, na badala ya kumwangukia mkewe miguuni, unajua alifanya nini? Alirukia gari. Funguo zilikuwa ndani. Aliingia kwenye usukani ili alikimbize, alipeleke kusikojulikana, alitupe mtoni, sijui. Hata siku ile alichokuwa anafikiria ni kuficha. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo.

Mke wake aliinama kwenye dirisha lililokuwa nusu wazi. Alisema polepole, akimtazama machoni.

"Nakuja sasa hivi."

Akageuka akaingia ndani ya nyumba. Dirisha likapanda lenyewe. Milango ikasema kla.

Mwanzo alivuta mlango kwa hasira. Kisha kwa mikono miwili. Kisha akapiga honi, na honi haikulia. Vioo vikaanza kuziba. Tai akaifungua, akapiga kioo kwa ngumi, mdomo unafunguka na kufumba. Majirani walijaribu milango, mmoja akajaribu buti. Wapi. Nikaweka kiganja kwenye bati la gari. Lilikuwa la baridi.

Dada yangu aliokota jiwe. Nilimwona ameliinua usawa wa kioo. Nilimwona pia akilishusha. Alisimama hivyo, jiwe mkononi, kifua kinapanda na kushuka, akiwaza makofi yale aliyompiga mwanawe bure, akiwaza alivyompokea akiwa amelegea. Mtu akiniuliza alisimama kwa muda gani, nitasema sikuangalia.

Ndani hatukumwona tena. Tulimsikia. Alikuwa anasema "nisamehe." Na kulikuwa na sauti nyingine inamjibu, nyembamba, ya chini, neno moja lilelile.

"Dada," nilimwambia. "Dada, tusiwe kama yeye."

Alirusha jiwe. Kioo cha mbele kikamwagika. Wanaume wakamvuta Mhasibu nje wakamlaza kwenye vumbi. Alikuwa hai. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ulimi umevimba, kucha zimekatika zinavuja damu. Mtu angeapa kwamba alitupwa jangwani wiki nzima. Alikuwa ananong'ona, "Maji. Maji, jamani."

Mke wake akatoka ndani. Alikuwa ameshika kikombe kidogo cha plastiki, cha njano, cha kitoto, kimejaa maji mpaka juu. Alitembea kwa uangalifu ili yasimwagike. Mhasibu alimwona akanyoosha mikono yote miwili.

Alimpita. Alifika kwenye gari, akaweka kikombe juu ya siti ya nyuma, upande wa kushoto, akafunga mlango kwa upole, kama unavyoufunga ukimwacha mtoto amelala.

Mhasibu alikwenda kujisalimisha polisi mwenyewe, kabla hajaitwa. Alihukumiwa, akafungwa. Waliomtembelea wanasema anakunywa maji kutwa nzima na hayamkati kiu. Sina huruma naye. Wanaotaka kumhurumia nawaachia nafasi yangu. Mke wake alihama. Polisi walilichukua gari, na sisi tulirudi kwenye pikipiki na teksi za kubembeleza.

Miezi ilipita. Tulishaacha kulizungumzia. Halafu mvua kubwa ya kwanza ikanyesha, ilianza alfajiri ikakata asubuhi, nami nikatoka uani kufagia maji. Uwanja wote ulikuwa unang'aa kwa maji, isipokuwa pale tulipokuwa tunaegesha. Pale palikuwa pakavu. Pakavu kabisa, vumbi halijatikisika, mstatili wenye urefu na upana wa gari.

Nilimwita dada. Alikuja na aproni yake, akasimama ukingoni, hakukanyaga. Akaninyooshea kidole.

Katikati ya pale pakavu, usawa wa mlango wa nyuma wa kushoto, zilianza nyayo za mtoto. Zilikuwa mbichi, zimelowa, zinatoka nje mpaka zinapotelea kwenye maji. Mguu wa kushoto ulikuwa peku, na vidole vyote vitano. Wa kulia ulikuwa umevaa kiatu.

Nilikwenda chumbani kumtazama Chiriku. Alikuwa bado amelala, na kichwani pake, sakafuni, palikuwa na kiatu kimoja cha mtoto mdogo, cha mguu wa kushoto, kikavu, ambacho hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kukiona.